Birika la stima la bei nafuu: wati, swichi na maji ya Mombasa

Kikombe kimoja cha sturungi, yaani chai ya rangi, maji yake yakichemshwa kwa birika la stima, hula takriban senti 70 za tokeni. Birika la lita 1.8 likijazwa pomoni kwa ajili ya kikombe hichohicho kimoja, hula kama shilingi 5. Birika ni lilelile na stima ni ileile. Kilichozidi ni maji yaliyochemshwa bure yakaachwa yapoe.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu hapa Mombasa birika la stima limeshapata jina baya, kwamba linamaliza tokeni, na jina hilo ndilo linalowapeleka watu kwenye chaguo baya. Mtu anakimbia wati nyingi, anatoka dukani na birika dogo lenye plagi ya pini mbili na swichi isiyoaminika, naye anaamini amebana matumizi. Birika la shilingi elfu moja na kitu laweza kuihudumia nyumba vizuri kwa miaka, mradi lichaguliwe kwa mambo yanayohusika kweli: swichi yake ya kujizima, plagi yake, na maji ya mtaa wako. Wati zina nafasi yake, lakini si ile wanayopewa.

Wati si yuniti

Pita kwenye maduka ya vyombo vya stima Digo Road, au yale ya karibu na soko la Kongowea, utasikia mazungumzo ya namna hii:

"Mamangu, chukua hii. Wati elfu moja tu, haili stima."

"Na hiyo kubwa, mwanangu?"

"Hiyo ni elfu mbili na mia mbili. Hiyo utakuja kunilaumu."

Kijana yule hana nia ya kumdanganya mama. Anarudia anachokisikia kila siku. Lakini amechanganya vitu viwili. Wati ni kasi ya kutumia stima. Yuniti ndiyo stima yenyewe uliyoitumia (wati 1,000 zikitumika saa nzima ni yuniti moja), na yuniti ndiyo unayoilipia. Mfereji mpana na mfereji mwembamba ukivitumia kujaza ndoo moja, ndoo haizidi wala haipungui. Kinachobadilika ni muda utakaosimama hapo ukisubiri.

Maji yaliyokaa kwenye mtungi jikoni Mombasa huwa na joto la nyuzi 27 hivi. Kuifikisha lita moja nyuzi 100 kunahitaji nishati isiyozidi sana asilimia 8.5 ya yuniti moja. Ongeza joto linalopotelea kwenye ubavu wa birika, kwenye mvuke na kwenye zile sekunde kabla swichi haijaruka, unapata karibu sehemu moja ya kumi ya yuniti. Kwa hiyo yuniti moja huchemsha takriban lita 10, liwe birika la wati 1,000 au la 2,200. La wati 1,000 litachukua dakika tano na nusu au zaidi kidogo kwa lita moja. La 1,500 litamaliza chini kidogo ya dakika nne, na la 2,200 kwa dakika mbili na nusu. Ukitaka kuwa mkali wa hesabu, lile la polepole ndilo linalokula zaidi kidogo, maana joto linapata muda mrefu wa kutoroka.

Bei ya yuniti itafute kwenye ujumbe wako mwenyewe wa tokeni: chukua pesa zote ulizolipa, ugawe kwa yuniti ulizopata. Usitazame bei ya msingi peke yake, kwa sababu juu yake kuna gharama ya mafuta, kodi na makato mengine. Hapa natumia shilingi 28 kwa yuniti ili hesabu iende. Wewe weka yako. Nyumba inayochemsha lita tatu kwa siku, asubuhi na jioni, itatumia yuniti 9 kwa mwezi, yaani kama shilingi 250.

Kuna jambo moja katika bei ambalo nyumba ndogo inapaswa kuliangalia. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa kwa wastani wa matumizi ya mwezi: wasiozidi yuniti 30, walio kati ya 30 na 100, na waliovuka 100. Kila ngazi ina bei yake ya yuniti. Mtu anayeishi chumba kimoja na kutumia yuniti 25, taa, simu na redio, akiongeza yuniti 9 za birika atavuka ngazi ya kwanza, na yuniti zake zitapanda bei. Hapo malalamiko kwamba tokeni zimeanza kwenda mbio tangu birika liingie nyumbani yana ukweli. Dawa yake ni kuchemsha maji ya kutosha haja na si zaidi. Kubadilisha birika kwa lenye wati chache hakutasaidia kitu.

Na gesi je? Lita ileile kwenye jiko la gesi hula gramu 13 hivi, kwa kuwa karibu nusu ya moto hupanda pembeni mwa sufuria na kupotea hewani. Ukijaza mtungi wa kilo 6 kwa shilingi 1,200, hizo gramu 13 ni shilingi 2 na senti 60. Kwa birika ni shilingi 2 na senti 80. Hazipishani kwa kitu cha kugombania. Birika linashinda kwa kasi, kwa kujizima lenyewe, na kwa kutoongeza joto jikoni mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imetulia na nyumba nzima inachemka. Gesi inashinda stima ikipotea.

Jambo jingine linalowatia watu wasiwasi ni birika kuwa zito jioni, wakadhani limeharibika. Mara nyingi ni stima yenyewe iliyoshuka, maana mtaa mzima uko jikoni. Birika lililotengenezwa kutoa wati 1,500 kwa volti 240, likipata volti 200, hutoa wati 1,040 tu. Chai itachelewa, lakini yuniti zitabaki karibu zilezile.

Kile kisahani cha ndani

Swichi ya kujizima ndiyo roho ya birika, na ndiyo inayotenganisha birika la bei nafuu na birika la ovyo. Mwaka 1955 kampuni ya Kiingereza ya Russell Hobbs ilitoa birika lake la K1, lililojizima lenyewe maji yakichemka, na njia iliyotumika ndiyo inayotumika hadi leo kwenye mabirika tunayonunua Mwembe Tayari.

Fungua kifuniko utazame nyuma, upande wa mkono wa kushikia. Utaona kitundu kidogo au mpasuo chini ya ukingo. Maji yakitokota, mvuke huingia hapo na kushuka hadi kwenye kisahani chembamba, hakifiki upana wa sarafu ya shilingi 20, kilichoundwa kwa metali mbili zilizogandishwa pamoja. Metali hizo hazitanuki sawasawa. Kisahani kimebonyezwa kikawa na tumbo upande mmoja. Mvuke ukikipiga, metali moja hutanuka kuliko mwenzake mpaka tumbo lote linaruka upande wa pili kwa ghafla. Ndiyo ile "tak!" unayoisikia. Kuruka huko kunasukuma kijiti, swichi inakatika. Birika basi halipimi joto la maji, linangoja mvuke. Ndiyo maana linajizima vizuri hapa Mombasa maji yanapochemka kwa nyuzi 100, na linajizima vilevile Nairobi ambako kwa sababu ya mwinuko yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Ukishaelewa hilo, nusu ya malalamiko ya mabirika yanajieleza yenyewe. Kifuniko hakikufungwa, mvuke ukatoka juu na haukufika kwenye kisahani: birika litachemka hadi maji yakauke. Umejaza kupita alama ya MAX: maji yanaruka mdomoni, na mengine yanaingia kitunduni na kulowesha swichi. Kitundu kimezibwa na chokaa au mafuta ya kupikia ya jikoni: birika linachelewa kujizima, kila wiki likichelewa zaidi.

Chini ya birika, penye elementi, huwa kuna kisahani cha pili cha namna hiyohiyo. Hicho kazi yake ni kukata stima birika likiwashwa bila maji. Kikikata, liache birika lipoe lenyewe kabisa kabla ya kutia maji. Kulimwagia maji baridi likiwa na moto ndiko kunakopasua elementi na kulegeza mpira wa kuzuia maji yasivuje.

Sasa, jaribio la dukani. Wauzaji wetu wamezoea kukuwashia chombo ukione kabla ya kulipa, na hiyo ni desturi njema. Usione haya kuitumia yote. Omba watie nusu lita ya maji ya kawaida, washe, nawe fungua saa ya simu. Birika la wati 1,500 za kweli litachemsha nusu lita kwa dakika mbili hivi. La 2,200 kwa dakika moja na robo au nusu. Likichukua dakika nne na stima haijashuka, ile namba iliyoandikwa chini ni ya kupamba. Likianza kutokota vizuri, hesabu hadi lijizime: sekunde kumi ni sawa, ishirini pia, lakini likitokota dakika nzima bila kuruka, rudisha uchukue jingine. Halafu linyanyue kwenye kitako likiwa na maji, ulipinde kidogo, utazame chini kama kuna tone. Huko kuvuja chini ndiko kunakomwagia maji mahali penye stima.

Karibu mabirika yote ya siku hizi hukaa juu ya kitako na kuzunguka pande zote. Yakague hayo maungio ya katikati: yasichezecheze, yasiwe na kutu hata kidogo. Hewa yetu ya bahari haina huruma na shaba wala chuma, na birika lililokaa mwaka mzima kwenye duka lenye mlango wazi linaweza kuwa jipya kwa jina tu. Ukiona jina la Strix, kampuni ya Isle of Man, au Otter ya Uingereza kwenye swichi ya chini, hiyo ni ishara nzuri, kwani hao wamebobea katika kutengeneza swichi hizi. Na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, itafute kwenye birika lenyewe, usiridhike na ya kwenye boksi.

Plagi, waya na ile kalamu

Hapa ndipo ninapoomba usikivu zaidi, kwa sababu birika baya linaharibu chai lakini plagi mbaya inaua mtu.

Stima yetu ni ya volti 240, na soketi zetu ni za pini tatu bapa, sawa na za Uingereza. Pini ile ya juu, iliyo ndefu kuliko mbili za chini, ndiyo ya ethi. Ubavu wa birika la chuma umeunganishwa nayo, ili stima ikivujia kwenye chuma ipite ardhini na kukata fyuzi, isipite kwenye mkono wa mtu. Birika likija na plagi ya pini mbili za mviringo, ethi hiyo haifiki popote. Na sote tunajua namna watu wanavyolichomeka: wanaingiza kalamu kwenye tundu la juu ili vile vizuizi vya chini vifunguke, kisha wanasukuma pini mbili kwa nguvu. Vizuizi viliwekwa kuwakinga watoto. Pini zile si saizi ya matundu, zinashika kwa ncha, zinapata moto, na baada ya muda soketi inaanza kunuka. Birika la namna hiyo usilinunue hata likiwa nusu bei. Kama umeshalipata kwa zawadi, fundi wa stima atazame kwanza waya wake: ukiwa na nyaya tatu ndani, akufungie plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, ukiwa na mbili tu na birika ni la chuma, usilitumie.

Birika lililoletwa kutoka Dubai halina shida, kwa kuwa kule nako soketi ni za aina yetu na volti zinakaribiana. Lililotoka Marekani ni la volti 120, na ukilichomeka hapa litaungua papo hapo. Mabirika ya mitumba kutoka Uingereza plagi yake inaingia sawa na swichi yake mara nyingi ni imara, lakini tazama wati: mengi hufika 3,000, yaani ampea 12 na zaidi. Kwa nyumba iliyofungwa nyaya vizuri ni sawa. Kwa chumba cha kupanga ambacho nyaya zake zimevutwa kutoka chumba cha jirani, usithubutu.

Hapo sasa ndipo wati zinapokuwa na maana. Haziamui bili yako, zinaamua waya wako. Birika la wati 1,500 huvuta ampea 6 na kidogo, la 2,200 huvuta zaidi ya 9. Ekstensheni nyingi za bei ya chini zina matundu manne au matano yanayokaribisha kila kitu, na waya wa ndani ni mwembamba kama wa redio. Ukiwa huna budi kutumia ekstensheni, nunua yenye waya wa milimita mraba 1.5, ambayo namba hiyo imechapishwa kwenye waya wenyewe. Inyooshe yote usiiache imeviringishwa, kwani mviringo hukusanya joto, wala usichomeke friji au pasi hapohapo. Baada ya kuchemsha, shika plagi. Vuguvugu kidogo si neno. Ikiwa huwezi kuishikilia, acha kutumia soketi hiyo.

Kwa nyumba nyingi za hapa, ushauri wangu ni wati 1,500. Zinatosha kwa haraka ya asubuhi, na hazizibani nyaya zilizozeeka.

Waya wa birika huwa mfupi, haufiki mita moja mara nyingi, na watu hulalamika. Umefupishwa makusudi usining'inie kwenye ukingo wa meza mtoto akauvuta. Usiurefushe.

Chuma, plastiki, kioo

Sehemu hii nitaipita haraka. Plastiki ni nyepesi, haishiki kutu, na haikuunguzi ukiigusa. Ubaya wake ni harufu. Inuse dukani ikiwa wazi: harufu kali inayokupanda puani usitarajie iishe. Harufu ndogo huisha ukichemsha maji na kumwaga mara mbili tatu. Kioo kinapendeza na kinakuonyesha uchafu, lakini jikoni penye watoto na sakafu ya saruji hakikai. Chuma kisichoshika kutu ni imara, ila ubavu wake ni moto mtupu. Siku hizi yameenea mabirika ya ngozi mbili, chuma ndani na plastiki nje, na kwa nyumba yenye watoto hayo ndiyo ningeyachukua. Ukiona 304 imechapishwa kwenye chuma, hicho kinahimili chumvi kuliko vile vya daraja la chini, ingawa hakuna stenlesi inayopenda maji ya chumvi. Epuka mabirika ya elementi iliyo wazi ndani ya maji, ile ya kujikunja. Si rahisi kuyasafisha, na elementi ikichomoza juu ya maji inaungua.

Maji yetu

Mombasa haina mto wake. Maji ya mfereji yanatoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, visima vya Baricho kandokando ya Sabaki, chemchemi za Marere na visima vya Tiwi upande wa Kwale. Hayatoshi, na mitaa mingi huyaona kwa zamu. Kinachobaki hujazwa na kisima cha plotini, cha msikitini, au mitungi ya mkokoteni ambayo muuzaji anakuapia kuwa ni maji matamu. Ndiyo maana birika moja, la aina moja, linadumu nyumba hii na kufa nyumba ile.

Kisiwa chetu na sehemu kubwa ya pwani vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mawe yaleyale yaliyojengea Ngomeni (Fort Jesus) tangu 1593 na nyumba za Mji wa Kale. Maji ya mvua yanaposhuka ardhini hubeba hewa ya kaboni na kuwa na ukali kidogo, yakauyeyusha mwamba huo polepole. Ukiyachemsha, ile hewa inatoka, na jiwe lililoyeyuka linarudi kuwa jiwe: chokaa nyeupe, hasa kwenye kitako cha birika ambako moto ni mkali. Kwa hiyo gamba lililo ndani ya birika lako ni jiwe la pwani hasa. Dalili yake ya mwanzo ni vumbi jeupe linaloelea, kisha utando juu ya chai ya rangi, ule unaoacha duara kwenye kikombe. Ukikamulia ndimu, utando hupotea, maana asidi huyeyusha chokaa. Wazee wetu wanaotia ndimu kwenye sturungi wanaujua ule wepesi wake.

Gamba likinenepa, joto la elementi halifiki kwenye maji sawasawa. Birika linapiga kelele zaidi, linachelewa, na chuma cha chini kinapata moto kupita kiasi hadi kile kisahani cha pili kinakata stima kabla maji hayajachemka. Mwenye nyumba anasema birika limeharibika. Mara nyingi linahitaji siki tu.

Tia siki nyeupe ya dukani na maji, nusu kwa nusu, yafunike lile gamba. Yapashe moto bila kuyangoja yatokote, kwani siki ikitokota hupanda na kufurika, kisha zima uache saa moja. Utaona mapovu madogo yakitoka kwenye gamba. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja uyamwage. Ndimu mbili tatu zilizokamuliwa kwenye nusu lita zinafanya kazi hiyohiyo na hazinuki. Gamba nene litahitaji kurudiwa. Usilikwaruze kwa kisu wala sufi ya chuma, mikwaruzo ndiyo mlango wa kutu. Na katu usichanganye siki na Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo: vikikutana vinatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Kwa maji ya kisima fanya hivi kila wiki mbili; kwa maji ya mfereji mara moja kwa mwezi yatosha nyumba nyingi.

Chumvi ni jambo jingine, na hapa watu wengi huchanganya. Chokaa hujitenga ukichemsha, chumvi haijitengi. Maji ya chumvi yakichemka yanabaki ya chumvi, na yakichemshwa tena na tena yanazidi, kwa kuwa maji hupungua na chumvi haipungui. Chumvi hiyo ndiyo inayotoboa stenlesi kwa vidoa vya kahawia. Kama huna maji mengine, usiyaache yalale ndani ya birika usiku. Mwaga yaliyobaki, acha kifuniko wazi likauke.

Kuhusu vijidudu, birika linatosha. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakifika kutokota kweli yanakuwa salama, yaachwe tu yapoe yenyewe mahali yasipoingia uchafu. Hilo ni jambo kubwa katika mji unaojua kipindupindu. Lakini birika lenye gamba, linalojikata kabla ya kutokota, maji yake usiyahesabu kuwa yamechemka. Na kwa mama mwenye mtoto mchanga wa maziwa ya kopo: kisima kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kuwa na naitreti, kemikali inayodhuru watoto wachanga, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha. Maziwa ya mtoto wa chini ya miezi sita yakorogwe kwa maji ya chanzo kingine.

Matumizi ya kila siku

Maziwa usiyachemshe humo. Yanaganda kwenye kitako na kuungua, yanafurika kwa povu, na povu likiingia kwenye kile kitundu cha mvuke hutaliona birika likijizima tena. Vivyo hivyo majani ya chai, tangawizi, mayai na tambi za haraka zinazopendwa na wanafunzi wa hosteli. Chai ya maziwa na kahawa tungu zina vyombo vyake, na viacheni viendelee. Birika lichemshe maji matupu, halafu yamiminwe kwenye sufuria yakiwa tayari moto. Hata uji wa asubuhi huiva upesi kwa namna hiyo.

Chupa ya chai ndiyo rafiki wa tokeni zako. Chemsha mara moja asubuhi kiasi cha nyumba, tia kwenye chupa, na mtu wa saa nne asiwashe tena. Katika Ramadhani, maji yaliyotiwa chupani usiku hukuta daku bado yana moto wa kutosha sturungi, au yanahitaji nusu dakika ya birika badala ya nne.

Stima ikipotea birika likiwa limewashwa, zima kwenye soketi ya ukutani, kwa sababu haijulikani itarudi saa ngapi wala nani atakuwa jikoni. Kitako kikilowa, chomoa plagi na ukifute hadi kikauke kabla ya kulirudisha birika. Na mahali pa birika ni nyuma ya meza, mdomo ukielekea ukutani, mbali na kabati la juu linaloweza kuvimba kwa mvuke.

Likiharibika, usilitupe mara moja. Birika lisilowaka kabisa mara nyingi ni fyuzi ya plagi, au maungio ya kitako yaliyoshika kutu, na fundi anaweza kuyasafisha au kukupatia kitako kingine kinacholingana. Birika linalovuja kwenye mshono wa chini, au linalokupiga hata mshtuko mdogo ukiligusa, halitengenezwi. Na plagi ikishaanza kuwa ya kahawia au kulainika, badilisha plagi na soketi kwa pamoja. Soketi iliyoungua ndani huishika plagi mpya kwa ulegevu uleule, nayo itaungua.